Mlalo wa Bodi na Mgawanyo wa Uzito: Namna ya Kurekebisha Gari la Kawaida kwa Autokrosi ya Ridhaa

IKISIRI

Makala haya yanaeleza kwa nini bodi ya gari hulala upande linapokata kona, na hatua ambazo dereva wa ridhaa anaweza kuchukua ili gari lake limtii zaidi katika autokrosi. Hoja inayojengwa ni kwamba mlalo wenyewe huondoa sehemu ndogo tu ya mshiko. Kinachoondoa sehemu kubwa ni namna uzito unaohama unavyogawanywa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, pamoja na pembe ambayo tairi la nje hukanyaga nayo barabara. Mfano unaotumika zaidi ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, maarufu Marekani kwa jina la Miata, chini ya kanuni za Sports Car Club of America.

1.0 Utangulizi

Autokrosi ya Kimarekani ni mashindano ya saa. Njia huchorwa kwa koni za plastiki juu ya uwanja mpana wa lami au saruji, mara nyingi maegesho makubwa au uwanja wa ndege wa zamani, na kila gari hupita humo likipimwa muda wake. Magari hayakimbizani bega kwa bega. Mzunguko mmoja huchukua takribani dakika moja. Koni ikiangushwa, sekunde 2 huongezwa, na katika mchezo ambao washindi hutenganishwa na sehemu ndogo za sekunde, koni moja hutosha kuharibu siku nzima. Sports Car Club of America, iliyoundwa mwaka 1944, huendesha mchezo huu chini ya jina la Solo. Mashindano yake ya kitaifa yalianza mwaka 1973, na tangu mwaka 2009 yamekuwa yakifanyika Lincoln, Nebraska.

Nchini Kenya na Uingereza jina hilohilo la autokrosi hutumika kwa mashindano ya kuzunguka njia ya udongo au majani. Kanuni za fizikia ni zilezile, lakini udongo hutoa mshiko mdogo, hivyo bodi hulala kidogo na gari huhitaji zaidi springi laini na nafasi ya kutosha ya magurudumu kupanda na kushuka. Mengi ya yanayosemwa hapa kuhusu kukaza gari hayafai kupelekwa huko bila kupunguzwa.

Washiriki wengi wa ridhaa hufika uwanjani wakiendesha gari lilelile watakalorudi nalo nyumbani. Fedha yao ina kikomo, na kosa la marekebisho huwafuata barabarani. Kosa linalojirudia zaidi huanza na picha: dereva huona picha ya gari lake katikati ya kona, limelala kana kwamba linataka kupinduka, naye huamua kwamba mlalo ndio adui. Hununua stabilaiza nene, yaani ule ufito wa chuma unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, huifunga mahali ilipo rahisi kufungwa, ambapo mara nyingi ni nyuma, kisha hushangaa gari linapogeuka na kutazama lilikotoka.

2.0 Uzito Unaohama Kwenye Kona

Chukua gari dogo lenye uzito wa kilo 1,050 pamoja na dereva, upana wa mita 1.42 kati ya katikati ya tairi la kushoto na la kulia, na kitovu cha uzito kilicho sentimita 46 juu ya ardhi. Vipimo hivi ni vya mfano, lakini haviko mbali na gari dogo la michezo. Linapokata kona kwa nguvu ya pembeni inayolingana na uzito wake, yaani g 1, uzito unaohama kutoka upande wa ndani kwenda upande wa nje hupatikana kwa kuzidisha uzito wa gari kwa kimo cha kitovu na kugawanya kwa upana: 1,050 × 0.46 ÷ 1.42, sawa na kilo 340 hivi. Upande wa ndani uliokuwa umebeba kilo 525 hubakiwa na 185, na wa nje hubeba 865.

Katika hesabu hiyo hakuna springi, hakuna shokamzoba wala stabilaiza. Gari lililochomelewa ekseli moja kwa moja kwenye chesisi, lisilolala hata kidogo, lingehamisha kilo zilezile 340. Watu wengi, wakiwamo mafundi wazoefu, hulikubali jambo hili kwa shida kwa sababu jicho huona bodi ikiinama na akili huunganisha kuinama huko na uzito kumwagikia upande mmoja, kama maji katika beseni.

Kuna ukweli mdogo katika taswira hiyo ya beseni. Bodi inapolala, kitovu chake cha uzito husogea kidogo kuelekea nje. Ikiwa bodi imelala nyuzi 4, na kitovu kipo sentimita 40 juu ya mstari ambao bodi hujizungushia, kitasogea sentimita 2.8. Hilo huongeza uhamaji wa uzito kwa kilo 20 hivi. Dereva aliyefanikiwa kuondoa mlalo wote, kwa gharama yoyote ile, atakuwa ameokoa kilo 20 juu ya 340. Njia za kupunguza hizo 340 zenyewe ni chache: kupunguza uzito wa gari, kushusha kitovu chake, au kuongeza upana kati ya magurudumu.

Kulala kwa bodi kusichanganywe na kupinduka kwa gari. Gari hukaribia kupinduka pale nguvu ya pembeni inapofikia nusu ya upana wake ikigawanywa kwa kimo cha kitovu cha uzito. Kwa gari la mfano wetu hiyo ni g 1.54, kiwango ambacho tairi za barabarani hazikifikii. Gari litateleza kabla ya kuinua upande. Gari refu lenye kitovu cha sentimita 75 na upana wa mita 1.45 hufikia ukingo huo kwa g 0.97, na tairi nzuri za kisasa huweza kushika kwa nguvu hiyo. Ndiyo sababu kanuni za Solo hukataa magari mengi marefu na membamba. Stabilaiza nene haibadilishi hesabu hiyo kwa kiasi cha kutegemewa, na tairi zenye mshiko mkubwa zaidi huifanya iwe mbaya zaidi.

3.0 Tairi na Mzigo Wake

Ikiwa uzito unaohama haubadiliki kwa kubadili springi au stabilaiza, kwa nini basi vifaa hivyo hubadili tabia ya gari? Jibu limo ndani ya mpira. Tairi likiongezewa mzigo huongeza mshiko, lakini nyongeza hupungua kadiri mzigo unavyokua. Tuseme tairi fulani lenye mzigo wa kilo 250 hutoa mshiko wa kilo 275. Likibeba 400 hutoa 400. Likibeba 100 hutoa 118. Jozi ya tairi zenye 250 kila moja ina mshiko wa 550. Hamisha kilo 150 kutoka tairi moja kwenda jingine, na jozi ileile, yenye mzigo uleule wa jumla, inabakiwa na 518.

Ekseli inayobeba sehemu kubwa zaidi ya uhamaji wa uzito ndiyo inayopoteza mshiko zaidi. Zile kilo 340 lazima zihame, lakini si lazima zigawanywe sawa kati ya mbele na nyuma. Upande uliokazwa zaidi dhidi ya mlalo huchukua fungu kubwa zaidi. Ukikaza mbele, magurudumu ya mbele huchoka kwanza na pua ya gari hutoka nje ya kona hata usukani ukiwa umekatwa. Ukikaza nyuma, mkia ndio hutangulia kuteleza. Stabilaiza, kwa hiyo, kazi yake ya kwanza ni kupanga nani ateleze kwanza. Kupunguza mlalo huja baada ya hapo.

Nguvu ya stabilaiza hukua haraka kuliko macho yanavyokadiria, kwa kuwa hufuata kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. Kutoka milimita 19 kwenda 22 ni ongezeko dogo mkononi, lakini ukazo unakuwa mara 1.8. Ufito wenye tundu katikati, wa milimita 25 kwa nje na 19 kwa ndani, hukaza kidogo zaidi ya ule mnene wa 22 huku ukiwa na takribani asilimia 55 ya uzito wake. Anayenunua kwa kulinganisha kipenyo cha nje pekee atadanganyika kwa urahisi.

4.0 Stabilaiza ya Mbele: Mfano wa Mazda MX-5

Kundi la Street katika Solo limekusudiwa magari yaliyobaki karibu na hali ya kiwandani. Springi lazima ziwe za kiwandani, na tairi ziwe na alama ya uchakavu isiyo chini ya 200. Shokamzoba, ambazo mafundi wengi huziita shokapu, zinaweza kubadilishwa. Stabilaiza inaweza kubadilishwa moja tu, ya mbele au ya nyuma, na uchaguzi huo mmoja humlazimisha dereva kufikiri.

Mazda MX-5 iliyoingia sokoni mwaka 1989 huendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, na kila gurudumu lake hushikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini. Kwa kufuata nadharia ya sehemu iliyotangulia, anayetaka gari lake ligeuke upesi angekaza nyuma. Wazoefu wengi wa gari hili hufanya kinyume: hufunga stabilaiza nene mbele. Sababu zao ni mbili, na zote hukamilisha nadharia badala ya kuipinga.

Ya kwanza ni difu. Magari mengi ya awali ya aina hii yalitoka na difu ya kawaida, ambayo hupeleka nguvu mahali penye upinzani mdogo. Stabilaiza ya nyuma iliyokazwa hunyanyua gurudumu la nyuma la ndani. Gurudumu lililopungukiwa mzigo huzunguka bure, na dereva hukanyaga mafuta bila gari kutoka kwenye kona. Mbele ikikazwa, gurudumu la nyuma la ndani hubaki limekanyaga ardhi. Gurudumu la mbele la ndani laweza hata kuning'inia, na hasara yake ni ndogo kwa sababu haliendeshi gari na lilikuwa limebakiwa na kazi kidogo.

Sababu ya pili ni pembe ya tairi, inayofafanuliwa katika sehemu inayofuata: mbele ikilala kidogo, tairi la mbele la nje hukaa wima zaidi, na mshiko linaorudisha hivyo unaweza kufidia ule uliopotea kwa kubebeshwa fungu kubwa. Kipi kitashinda hutegemea tairi na alaimenti ya gari husika, na hapo ndipo hesabu za mezani hukoma na uwanja huanza.

Kwa gari linaloendeshwa kwa magurudumu ya mbele hoja ya difu hugeuka. Gurudumu la ndani linalohitaji kubaki chini ni la mbele, hivyo stabilaiza nene huwekwa nyuma, na si ajabu kuona gari la aina hiyo likipita koni huku gurudumu la nyuma la ndani likiwa hewani. Dereva aliyeona gari la namna hiyo likishinda, akaiga kwenye MX-5 yake, atakuwa amejinunulia mzunguko wa bure.

5.0 Kemba, na Hasara ya Kushusha Gari

Kemba ni mwinamo wa gurudumu likitazamwa kutoka mbele. Bodi inapolala nje, hulivuta tairi la nje lilale nalo, na tairi huanza kukanyaga kwa bega badala ya uso wake wote. Mfumo wa mikono miwili hurudisha sehemu ya upotevu huo, kwa kuwa mkono wa juu mfupi huvuta kichwa cha gurudumu ndani springi inapobonyea. Ukirudisha nusu, mlalo wa nyuzi 4 hulipotezea tairi la nje nyuzi 2. Gari lililoanza na kemba ya nyuzi 2 kuelekea ndani litakuwa na tairi wima palepale linapohitajika. Strati ya MacPherson, iliyo kwenye magari mengi ya familia, hurudisha kidogo zaidi; tukikadiria sehemu moja kwa tano, upotevu ni nyuzi 3.2, na alaimenti ya kiwandani mara nyingi haina nafasi ya kuufidia. Kwa gari la strati, kwa hiyo, kupunguza mlalo kuna faida kubwa kuliko kwa MX-5, lakini faida hiyo hupitia pembe ya tairi na si kupitia uzito.

Wengi hujibu kwa kukata springi au kununua fupi. Kanuni za Street haziruhusu. Kundi la Street Touring huruhusu springi nyingine. Kushusha gari la mfano wetu sentimita 3 hupunguza uhamaji wa uzito kwa kilo 22, faida ya kweli na ya kudumu. Lakini katika magari mengi ya strati, kitovu cha mlalo, yaani nukta ambayo bodi hujizungushia, hushuka zaidi ya kitovu cha uzito kinavyoshuka. Umbali kati ya vitovu hivyo hurefuka, na bodi hupata wenzo mrefu zaidi wa kuinamia. Gari lililoshushwa kwa springi fupi ambazo si ngumu kuliko za awali laweza kulala zaidi ya lilivyolala kabla.

Kuna pia suala la nafasi. Mlalo wa nyuzi 4 kwenye upana wa mita 1.42 huidai springi ya nje ibonyee takribani sentimita 5. MX-5 ya kwanza haina nafasi kubwa ya kubonyea hata ikiwa katika kimo cha kiwandani. Ikishushwa, mpira wa kuzuia mgongano ulio juu ya shokamzoba huguswa katikati ya kona, ukazo wa kona hiyo ya gari hupanda ghafla, na tairi lililokuwa likishika huachia bila onyo. Dereva husema gari ni gumu kulitabiri. Mara nyingi tatizo ni kipande cha mpira.

6.0 Shokamzoba

Shokamzoba haiamui bodi italala kiasi gani kwenye kona ndefu. Huamua italala kwa haraka gani. Kwenye kona ya barabara kuu tofauti hiyo haina uzito mkubwa. Autokrosi, hata hivyo, ina kona ndefu chache. Koni zilizopangwa mstari mmoja kwa umbali wa mita 20 na kupitwa kwa zigizaga kwa kilomita 60 kwa saa hufikiwa kila baada ya sekunde 1.2, na ndani ya muda huo mzigo wote wa upande mmoja lazima uhamie upande wa pili. Shokamzoba iliyochakaa huiacha bodi ipitilize, irudi, na ipitilize tena, hivyo dereva hufika koni ya tatu akiwa bado anashughulikia mwendo wa koni ya pili. Ndiyo maana, kwa mshiriki mwenye fedha ya kifaa kimoja baada ya tairi, shokamzoba nzuri hustahili kutangulia stabilaiza. Kubadili bushi zilizokwisha hutangulia zote mbili, ingawa hakuna anayejisifia bushi.

Shokamzoba za kurekebishwa huleta kishawishi cha kuzikaza hadi mwisho, kwa kuwa gari hukaa bapa na huonekana la mashindano. Juu ya saruji laini yaweza kufaa. Juu ya lami yenye viraka, gurudumu lililokazwa kupita kiasi huruka juu ya matuta badala ya kuyafuata, na tairi lililo hewani halina mshiko wowote wa kugawanya.

7.0 Kupima Uwanjani

Vipimo vya joto la tairi, vinavyosaidia katika mbio ndefu, husema machache baada ya mzunguko wa dakika moja. Chaki husaidia zaidi. Mstari huchorwa kutoka usoni mwa tairi kupita bega hadi ubavuni. Baada ya mzunguko, sehemu iliyofutika huonyesha tairi limekanyagia wapi. Tairi nyingi zina alama ndogo ya pembetatu begani. Chaki ikifutika kupita alama hiyo, tairi linalala: huongezwa upepo PSI 2 kwa wakati, na kama upepo hautoshi, huongezwa kemba. Chaki ikibaki begani bila kuguswa, upepo umezidi.

Ugumu mkubwa zaidi ni wa dereva mwenyewe. Kwa siku moja hupewa mizunguko michache, na kila mzunguko humfundisha njia. Anayebadili stabilaiza kati ya mzunguko wa pili na wa tatu, akapungukiwa na sekunde nzima, hana njia ya kujua ni chuma au ni kumbukumbu iliyompa sekunde hiyo. Utaratibu wa kuaminika ni kurudi: mzunguko mmoja katika hali ya awali, mmoja katika hali mpya, kisha mwingine katika hali ya awali. Muda wa tatu ukiwa mzuri kuliko wa pili, badiliko halikusaidia, hata kama lilihisi vizuri. Kitu kimoja hubadilishwa kwa wakati mmoja, na kila kitu huandikwa: upepo wa kila tairi, tundu la stabilaiza, idadi ya mibofyo ya shokamzoba, hali ya jua.

Kabla ya kuondoka uwanjani, stabilaiza ya nyuma yenye matundu hurudishwa kwenye tundu laini, kwa kuwa mkia uliowekwa uteleze kwa hiari juu ya saruji kavu utateleza bila hiari kwenye mvua. Upepo hurudishwa kwenye kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango. Uelekeo wa matairi ya mbele ni jambo jingine. Kuyafungua kidogo kuelekea nje hulifanya gari liitikie usukani upesi, lakini hakurudishwi kwa dakika mbili kama upepo, na barabarani hula bega la ndani la tairi na kulifanya gari lifuate kila mfereji. Kwa gari litakaloendeshwa kazini Jumatatu, milimita moja au mbili kwa jumla ya pande zote mbili hutosha.